Taa ya Kijani Isizimike

Mimi sina ugomvi na usafi, jamani. Nimezaliwa Norwei, nimelelewa na mama aliyekuwa akipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Lakini msaragambo wa majira ya kuchipua, huu tunaouita dugnad, siutaki hata kuusikia. Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya taifa, watu wazima wenye akili zao wanakusanyika Jumamosi asubuhi na ndoo, reki na brashi za rangi. Wanasafisha kila kilicho mbele yao na vingine visivyowahusu, halafu wanakula vafeli, zile keki bapa za kuoka kwenye chuma, na jibini la kahawia na kupongezana. Jumatatu simu inaita kwangu. Mimi ndiye fundi mtandao wa halmashauri yetu, peke yangu, kuanzia ofisi kuu mpaka shule ya mwisho kule barabara inakoishia.

Jumatatu hiyo aliyepiga ni Gunnvor, muuguzi mkuu wa nyumba ya wazee ya Hestnes.

"Ingunn, kengele zimekufa."

"Zipi?"

"Zote! Tunazunguka vyumbani kwa miguu kama walinzi. Njoo, na usianze maswali yako."

Kila mzee pale Hestnes anavaa kidude cha kubonyeza shingoni. Akibonyeza, kidude kinaongea na kisanduku kidogo chumbani kwake, kisanduku kinaongea na mtandao, na ukumbini namba ya chumba inawaka kwenye ubao na filimbi inalia. Zamani ilikuwa kengele ya kawaida yenye waya wake, na haikuwahi kufa. Lakini watu werevu wa mjini waliamua kila kitu kipite kwenye mtandao, halafu wakasahau kununua mtandao wenyewe.

Nilifika nikiwa na njaa na hasira, na sijui kipi kilikuwa kikubwa zaidi. Gunnvor alinipokea mlangoni. Ni mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, na siku hiyo alikuwa akiizuia isitoke.

"Jostein amepiga," alisema tukitembea. Jostein ni bosi wangu, anakaa mjini ng'ambo ya fjordi, ule mkono wa bahari unaotugawa. "Kengele zisipotulia mpaka saa tisa, wale wasioweza kuamka wenyewe wanapandishwa basi, wanapelekwa wodi ya mjini. Kwa usalama wao, anasema."

"Kwa muda?"

"Kwa muda."

Tukatazamana. Wakati wa mafua makubwa walichukuliwa wazee kwa muda namna hiyo hiyo. Vitanda vyao vikafutwa kwenye bajeti, na hakuna hata mmoja aliyerudi.

"Wa kwanza nani?"

"Oddny."

Nikasimama. Oddny alipatwa na kiharusi. Upande mmoja haufanyi kazi na maneno yanamtoka moja moja, tena kwa shida. Mumewe, Leiv, anakaa nyumba ya njano pale chini ya kilima, na kila asubuhi anapanda na chupa yake ya kahawa kuja kukaa naye mpaka chakula cha jioni. Macho yamechoka, leseni ya gari wameshaichukua, na kivuko siku hizi kinakuja upande wetu kwa ajili ya wanafunzi tu. Oddny akivushwa, mzee huyo hatamwona tena mkewe ila kwenye picha.

"Hapelekwi mtu," nilimwambia Gunnvor. "Niachie hili."

Kabati la mtandao liko nyuma ya chumba cha mifagio. Ilibidi kwanza niondoe masanduku ya bendera, reki, na ngazi, kwa sababu watu wa msaragambo wakiona mahali penye nafasi wanapajaza. Ndani ya kabati kuna swichi, chuma kirefu chenye safu za matundu. Kila tundu, au poti kama tunavyosema mafundi, linatoa waya unaopita ndani ya ukuta mpaka kwenye soketi ya chumba fulani. Siku ya kawaida taa za matundu zinakonyeza taratibu, hapa na pale. Siku hiyo zilikuwa zinawaka na kuzimika zote kwa pamoja, kwa wazimu.

Nilijua papo hapo. Mahali fulani katika nyumba ile waya ulikuwa umetoka na kurudi palepale ulipotoka. Ukifanya hivyo, kila ujumbe unazunguka, unazaana, unazunguka tena, mpaka mtandao mzima unajaa kelele na kengele ya mzee haipati pa kupita. Swichi za kisasa zinajua kulifunga tundu lenye balaa zenyewe. Hii yetu haijui. Nimeomba mpya kila bajeti, na kila bajeti Jostein ananiuliza, "Kwani hiyo haifanyi kazi?"

Nikafungua kompyuta nione ni tundu gani linalomwaga uchafu. Kumi na saba. Nikalifunga. Taa zikatulia, na ukumbini filimbi ikalia. Gunnvor akapiga ukelele wa furaha.

"Kumi na saba ni chumba gani?" nilimuuliza.

"Si namba imebandikwa kwenye soketi?"

Tukaenda kutazama. Soketi ya kwanza ilikuwa nyeupe. Ya pili nyeupe. Ya tatu nyeupe. Walikuwa wamepaka rangi kuta za vyumba vyote, na kwa kuwa ni watu makini, wakapaka na vibandiko vya namba. Tena mara mbili, bila mchirizi hata mmoja.

"Gunnvor."

"Pamependeza, sivyo?"

"Nani alipaka soketi?"

"Tulisaidiana wote," alisema kwa fahari.

Hapo ndipo msaragambo unaponitia kichaa. Wamefanya wote, kwa hiyo hakuna aliyefanya, na wewe mwenye hasira zako huna wa kumgombeza.

"Sikiliza basi," nilimwambia. "Kila chumba kina kile kisanduku kidogo chenye taa ya kijani. Waambie watu wako wapite waangalie. Mahali taa imezimika ndipo penye tundu nililofunga, na ndipo penye balaa. Wakiona, waniite."

"Taa ya kijani. Ikizimika. Sawa."

Nilimsikia akiondoka koridoni na ile sauti yake, sasa ameifungulia: "Jamani, taa za kijani! Zisizimike! Fundi kasema!"

Mimi nilikuwa na kipande cha vafeli mdomoni, kilichobaki cha Jumamosi, kigumu. Nikasema moyoni, atakuwa amewaelewesha.

Sijamaliza kikombe cha kahawa, swichi ikaingia wazimu tena. Safari hii lilikuwa tundu la ishirini na mbili.

Ala! Waya mbovu hauna miguu. Nikalifunga la ishirini na mbili, kukatulia. Nikatoka mbio mpaka ukumbini.

"Taa gani imezimika?"

"Hakuna!" Gunnvor alinijibu kana kwamba ananikabidhi zawadi. "Zote zinawaka!"

"Haiwezekani. Nimefunga matundu mawili. Lazima kuna mahali pamezimika."

"Ingunn, nakwambia zinawaka. Tumepita kila chumba. Kwa Oddny kuna Leiv mwenyewe, hajabandua macho kwenye taa."

Simu yangu ikaita. Jostein.

"Umetengeneza?"

"Nimetengeneza mara mbili."

"Ukitengeneza mara mbili maana yake hujatengeneza."

"Ningekuwa na swichi ile niliyoomba, Jostein, saa hizi ningekuwa..."

"Ya bajeti tutaongea. Basi limeshatoka, Ingunn. Nataka kengele zikae bila kukatika, la sivyo wazee wanavuka na kivuko cha saa tisa."

Nikakata simu kabla sijamtukana. Nikaingia jikoni, nikachukua kile kikwanguo cha jibini ambacho kila nyumba ya nchi hii inacho, nikaanza kupita chumba hadi chumba, magoti sakafuni, nikikwangua rangi kwenye soketi. Rangi ilikuwa imeshika vizuri, laana yake. Mzee mmoja aliniuliza kutoka kitandani kama natafuta panya. Nikamwambia afadhali angekuwa panya.

Kumi na saba nikaikuta chumbani kwa Oddny, nyuma ya meza ya kitanda. Nusura nishangilie. Lakini soketi ilikuwa tupu. Hakuna waya, hakuna kitu, tundu tu linanitazama.

Leiv alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia magotini, macho kwenye kisanduku.

"Mzee Leiv, hapa palikuwa na waya?"

"Hapa pako salama, binti yangu. Tazama." Akaninyooshea kidole. Taa ya kijani ilikuwa inawaka, safi kabisa, na kwa haraka niliyokuwa nayo sikujiuliza inapata mtandao kutoka wapi. "Kazi yangu ni hii leo. Siondoki."

Kitandani Oddny aliinua mkono wake mzima. Kidole gumba kilikuwa kwenye kidude cha shingoni, kinabonyeza, kinabonyeza.

"Wa..." alisema. "Leiv... wa... waya."

"Ndiyo, bibi, ni mambo ya waya. Tunashughulikia."

Nikampapasa blanketi. Akafumba macho, akashusha pumzi ndefu. Nilidhani amechoka.

Nikatoka nikiwa sielewi kitu. Soketi tupu haiwezi kuchafua mtandao. Miaka yote hii nimefunga na kufungua matundu ya watu, sijawahi kuona balaa inayohama chumba kama mpangaji. Nikaanza kujitilia shaka mwenyewe, labda swichi ndiyo imekufa, labda Jostein ataninunulia mpya sasa, baada ya wazee kuondoka. Nikarudi kabatini, na taa zote zilikuwa zimeshaingia wazimu tena.

Tundu la tisa.

"Mungu wangu!" nilipiga kelele mle chumba cha mifagio, na reki ikaniangukia.

Kupitia dirishani niliona basi jeupe linaingia uwanjani, linarudi nyuma taratibu mpaka mlangoni. Nilipotoka, Gunnvor alikuwa anamsukuma Oddny kwenye kiti cha magurudumu kuelekea ukumbini. Amemvika koti la baridi, amemfunga vifungo mpaka shingoni. Macho ya Gunnvor yalikuwa mekundu.

"Ana fujo leo," aliniambia kwa sauti ndogo. "Hakutaka kuvaa. Anamtaja Leiv tu, Leiv, Leiv."

"Na Leiv yuko wapi? Haji hata kumuaga?"

"Kakataa kutoka chumbani. Anasema ni lazima abaki na taa. Anasema taa ikiendelea kuwaka mpaka saa tisa, watamrudisha."

Nikarudi kabatini, nikafunga tundu la tisa, na safari hii sikuuliza mtu. Nikatoka mbio koridoni nione kwa macho yangu ni nini kinazimika.

Nikajikwaa. Nilianguka na magoti yote mawili, kompyuta huko, mimi huku. Waya wa njano ulikuwa umekatiza korido, umevutwa ukakaza, usawa wa kifundo cha mguu. Asubuhi haukuwapo; nilipokuwa nikikwangua lazima ulikuwa umelala kando ya ukuta, nami nikaupita. Ncha moja ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya sebule ya televisheni. Nyingine ilipita chini ya mlango wa chumba cha Oddny.

Na kule mwisho wake waya ukatikisika. Kuna mtu alikuwa anauvuta.

Nilifungua mlango bila kubisha. Leiv alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku, miwani imeteremka puani, anahema.

"Ngoja, ngoja," alisema bila kugeuka, "naiwasha sasa hivi. Imezimika tena hii, mshenzi. Mara ya kwanza nikahamishia soketi ya pili humu humu chumbani, ikakubali. Ikazimika. Nikavuta huu mrefu mpaka sebuleni, ikakubali. Sasa nao umezimika. Lakini koridoni iko soketi nyingine, nimeiona."

Kila nilipofunga tundu, yeye alitafuta jingine.

"Mzee Leiv! Nani kakwambia uhamishe waya?"

"Wewe." Akageuka, akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Gunnvor katangaza. Fundi kasema taa isizimike."

"Nilisema ikizimika mniite!"

"Ningekuita ya nini, wakati naweza kuiwasha mwenyewe?"

Nikajitupa sakafuni kando yake. Kwenye kile kisanduku, mbali na waya wa njano, kulikuwa na waya mfupi wa kijivu, umekunjwa kwa upendo kabisa na kufungwa utepe. Ncha moja ilikuwa kwenye tundu la kwanza la kisanduku. Ncha ya pili ilikuwa kwenye tundu lililo jirani.

"Na huu?" nilimuuliza. "Huu nani kauchomeka?"

"Mimi. Rangi imekauka, asubuhi nikarudisha kila kitu mahali pake. Huo ulikuwa unaning'inia."

"Ukachomeka ncha zote mbili?"

"Sasa," alisema, naye kaanza kukasirika, "ningeacha moja ining'inie?"

Nikaung'oa. Nikautupa huko chini ya kitanda. Nikachomeka kisanduku kwenye soketi yake halali, ile ya kumi na saba, nikamwambia Leiv, "Usiguse. Usiguse kitu chochote. Weka mikono mfukoni!" Nikaokota kompyuta koridoni, nikakimbilia kabatini, nikafungua tundu la kumi na saba na kusubiri wazimu.

Haukuja. Taa zilikonyeza taratibu, hapa na pale, kama mifugo inayocheua.

Nilipotoka nilimkuta Leiv amesimama koridoni, mikono mfukoni kama nilivyomwamuru. Alikuwa akitazama ukumbini, kwenye mlango uliofunguliwa, dereva wa basi, na kisogo cha mkewe juu ya kiti.

"Ingunn. Ilikuwa nini?"

Ningeweza kumwambia swichi ni mbovu. Isingekuwa uongo hata. Lakini nilikuwa na magoti yanayovuja damu na rangi nyeupe chini ya kucha zote, na nilikuwa nimekasirika.

"Ni ule waya wa kijivu, mzee. Ule ndio uliozima kengele zote. Na kila nilipoutenga, wewe uliurudisha."

Nikaona maneno yanamwingia, moja baada ya jingine, na nikatamani niyarudishe.

"Kwa hiyo tangu asubuhi," alisema polepole, "mimi ndiye nilikuwa nampandisha mke wangu kwenye basi."

Kofia ilikuwa imemwanguka na hakuiona.

Ukumbini Gunnvor alikuwa kwenye simu na Jostein, na nilisikia ugomvi kabla sijafika. "Zimetulia, nakwambia! ... Najua ulishaambiwa hivyo mara mbili! ... Uthibitisho gani sasa, nikuimbie?" Dereva alikuwa ameshashusha ubao wa kupandishia viti. Akatazama saa yake, akasema kwa adabu kwamba kivuko hakisubiri. Akashika mikono ya kiti cha Oddny.

Filimbi ikalia.

Ililia kwa nguvu hivi kwamba dereva aliachia kiti. Gunnvor akakodolea macho ubao wa ukutani, simu bado sikioni, na sauti ya Jostein ikisema halo, halo.

"Hiki ni chumba cha Oddny," alisema. "Lakini Oddny yuko hapa."

Tukamtazama. Ndani ya koti, mkono wake mzima ulikuwa umejipenyeza kati ya vifungo. Kidole gumba kilikuwa kwenye kidude. Akabonyeza tena, na filimbi ikalia tena. Gunnvor aliinyoosha simu kuelekea ubaoni ili Jostein ashibe.

Halafu akachuchumaa mbele ya kiti. "Umetuita, bibi. Unataka nini?"

Oddny alihangaika na mdomo. Tulisubiri wote, hata dereva. Leiv alikuwa amefika nyuma yangu, nilikuwa naisikia pumzi yake.

"Tangu... asubuhi," Oddny alisema. "Nabonyeza." Akapumzika. Akamtafuta kwa macho, akampata, akamnyooshea kidole gumba kile kile. "Mje... mumtoe... huyu mzee... kwenye waya."

Hakuna aliyecheka. Leiv alipita katikati yetu na mikono yake bado mfukoni, akasimama mbele ya mkewe. Nadhani alikuwa anangoja agombezwe.

Oddny akabonyeza mara ya tatu.

"Na koti," alisema. "Joto."

Leiv akanigeukia. "Naruhusiwa kutoa mikono?"

"Toa, mzee," nilimwambia.

Akapiga magoti, akaanza kumfungua vifungo, kuanzia cha juu.